Upatu wa Magoti, Macho na Masikio

Ninyi vijana mnaopanda ngazi za wodi kwa kuruka, hebu simameni kidogo. Nikija kupima presha huwa nakaa kwenye lile benchi la nje, mnapita mkidhani bibi amesinzia. Macho ndiyo yamefumba, masikio yako kazini. Juzi nimemsikia mmoja wenu akimsema mwenzenu mkubwa, kwamba kazi imemshinda na angeenda kwake akafuge kuku. Sikujibu. Mtu wa umri wangu akijibu mbele ya wagonjwa ataitwa mkorofi, na mimi ni mkorofi kweli, ila napenda kuchagua saa yangu. Aliyesemwa ni nani, nitawaambia kabla sijaondoka.

Mimi naitwa Mwanaidi. Nilikuwa nesi mkunga kwenye kituo hiki hiki, tangu nikiwa na kiuno chembamba mpaka serikali iliponiambia sasa basi. Kwetu ni Kinole, huko juu kwenye migomba na mdalasini, na kwa sababu hiyo nilidhani magoti yangu yameumbwa kwa chuma. Mtoto wa mlimani anapanda na kushuka kabla hajajua kusema. Hakuna aliyenionya kwamba magoti hayo hayo ndiyo yatakayonisaliti kwenye sakafu tambarare ya saruji.

Nesi hazeeki mwili wote kwa mpigo. Anazeeka kiungo kimoja kimoja, na kila kiungo kinachagua siku ya kumwaibisha. Kwangu lilianza goti la kushoto. Nilikuwa nimeinama kwa mama aliyekuwa anasukuma, goti likalia kwa sauti, yule mama akaacha kusukuma akaniuliza kimevunjika nini. Nikamwambia ni kitanda. Kwa miaka iliyofuata kitanda kile kilisingiziwa mambo mengi, na fundi aliitwa kukikaza mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Wenzangu wa rika langu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Sista Veneranda, Mpogoro wa Mahenge, mwepesi wa miguu, anayeweza kuchuchumaa muda wa kuiva ugali akainuka bila kushika kitu. Yeye ulimjia ugonjwa wa kutoona vitu vya karibu. Akaona aibu kwenda kupimwa, akashuka mjini dukani kwa Mhindi mmoja, akachagua miwani yenye fremu ya dhahabu kwa sababu ilimpendeza. Muuzaji mwenyewe alimwambia, "Mama, hii si ya kusomea." Hakusikia la mtu. Alirudi na miwani ile akawa anaona mbuzi wa watu huko juu mlimani, lakini maandishi ya kichupa alichoshika mkononi hayaoni. Mimi macho yangu yalikuwa mazima, hadi leo nautunga uzi kwenye sindano mkiniangalia.

Wa pili ni Damasi, Mluguru mwenzangu wa upande wa Mgeta, mwanamume wa mgongo mpana aliyekuwa akimhamisha mgonjwa kitandani peke yake. Damasi masikio yalikuwa yameanza kufunga duka. Aliiweka ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akatulia, kisha akaniangalia kwa huruma. Nikajua hajasikia kitu.

Sasa mnaweza kuuliza, kwa nini hamkwenda kwa mkubwa wenu mkasema? Mngeuliza hivyo kwa sababu hamkumjua Mama Salma.

Mama Salma ndiye aliyenifundisha kuzalisha. Alinifundisha kunyamaza, jambo gumu kwangu, kwa sababu mama mwenye uchungu anasikiliza pumzi zako kabla ya maneno yako. Alinifundisha kupasha mikono joto kabla ya kumgusa mtu. Alipozeeka mgongo ukapinda kidogo, basi wakubwa wa wakati ule, kwa wema kabisa, wakamtoa leba wakampeleka dirisha la kadi. Akawa anauliza majina na vijiji kutwa nzima. Mapumziko ya chai alikuwa anakuja kusimama nje ya mlango wa leba, kikombe mkononi, anasikiliza. Anasikia mama akilia, ananiambia kupitia mlango, "Huyo bado, mpe maji. Yule wa kona, vaa glovu." Hakukosea. Halafu kengele inapigwa anarudi kwenye kadi zake. Haikupita muda mrefu akaomba kustaafu mapema, na mimi niliyebeba sanduku lake mpaka barabarani nililia njia nzima.

Kwa hiyo dirisha lile nililiogopa kuliko nilivyoogopa kipindupindu. Na huku nyumbani mwanangu wa Kihonda alikuwa amenijengea chumba, kila Jumapili ananibembeleza, "Mama, njoo upumzike." Kupumzika kwenyewe ni kukimbizana na mapacha wake, ambao walikuwa wamegundua kwamba bibi akikaa chini hawezi kuwafuata. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kufika mwisho wa kazi kwa sheria. Nilitaka niimalizie leba, mikono yangu ikipokea watoto. Sikutaka kingine.

Basi tukaanzisha upatu.

Upatu mnaujua, akina mama wanachanga, wiki hii anapokea huyu, wiki ijayo yule. Sisi tulichanga viungo. Mimi nilitoa macho. Veneranda alitoa magoti na masikio, na hapo alikuwa tajiri kuliko sisi. Damasi alitoa mgongo. Kichupa kikiwa na maandishi madogo kinapita kwangu. Kitu kikianguka chini ya kitanda, au mgonjwa wa kwenye godoro la sakafuni akihitaji drip, anashuka Veneranda. Pembe ya mapigo anashika Veneranda pia, Damasi ananyanyua na kugeuza. Tulikuwa na ishara zetu. Veneranda akikohoa, nakwenda kusoma. Damasi akivuta sikio, Veneranda anakwenda kusikiliza. Mimi nikisema "kitanda hiki kibovu," yeyote aliye karibu anakuja kuinama. Wagonjwa wakatusifu sana, wakasema kituo kile mtu mmoja anahudumiwa na manesi watatu, wanapendana hao.

Ila tulikuwa na amri moja, na hii naomba muichukue hata kama mengine mtayaacha hapa. Kwa wakubwa unaweza kuficha, lakini kwa mwanaupatu mwenzio husemi uongo. Kama huoni, unasema sioni. Kama hujasikia mapigo, husemi nimesikia kidogo. Damasi siku moja alitaka kujikaza akasema anasikia kitu. Veneranda akamnyang'anya pembe mbele ya mgonjwa, na jioni akamwambia akirudia hilo tena, yeye mwenyewe atampeleka dirishani kwa kumshika mkono. Damasi hakurudia.

Mambo yakaenda hivyo, mpaka akaja Matroni Kalunde.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye shahada na viatu visivyotoa sauti. Viatu vile vilitutesa sana. Kwa adabu hakuwa na mfano: bosi wako anakuja, anakuamkia shikamoo, unaitikia marahaba, ndipo anakugombeza. Halafu alikuwa mtani wangu. Waluguru na Wanyamwezi tunataniana tangu zama za misafara, na mimi nilishukuru Mungu kwa hilo, maana kwa mtani unaweza kusema usichoweza kumwambia bosi.

"Bi Mwanaidi," ananiambia siku za mwanzo, "mbona unatembea unainua miguu? Hapa ni tambarare, mlima umeuacha kwenu."

"Wewe nyamaza, mbeba mizigo," namjibu. "Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, sisi tukawapa maji. Leo umerudi kunihesabia hatua?"

Anacheka anaondoka. Mimi nabaki nikijiuliza kama ule ulikuwa utani au ameona.

Sasa sikilizeni lililotufumania. Damasi alikuwa likizo, amekwenda kwao kulima viazi. Veneranda alikuwa upande wa kliniki ya wajawazito. Leba nilibaki mwenyewe, nikiomba wazazi wa siku ile wawe watu wa kitandani. Akaletwa mama mmoja kutoka juu kabisa, uzao wa nne, amechelewa. Nikamwonyesha kitanda. Akakiangalia.

"Bibi, mimi kwenye meza siwezi."

"Siyo meza mwanangu, ni kitanda."

"Ni kirefu. Mtoto ataanguka."

Na hakungoja ruhusa yangu. Akatandika kitenge chini, akashika mguu wa kitanda, akachuchumaa kama walivyomfundisha mama zake. Kwa kweli mkao ule una akili yake, mtoto anashuka vizuri, siwezi kuusema vibaya. Lakini mkunga naye lazima ashuke. Nikasema bismillahi, nikashuka. Magoti yote mawili yakatoa kauli yao. Mtoto alikuja kwa haraka na kwa makelele, wa kike, mweusi mzuri, nikampokea, nikamkausha, nikamweka kifuani kwa mama yake. Kondo likatoka salama. Veneranda aliposikia kichanga akaja mbio, akamsaidia mama kupanda kitandani na mtoto wake, akawafunika. Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa isipokuwa kitu kimoja. Mimi nilikuwa bado chini.

Sikuweza kuinuka. Nilikuwa nimepiga magoti, viganja sakafuni, aproni ya leba ikining'inia. Veneranda akanivuta kwapa moja, sikwenda popote. Akanivuta la pili, nikarudi pale pale. Yule mzazi, aliyejifungua dakika zile zile, akanyoosha mkono kutoka kitandani akauliza, "Bibi, nikuinue?" Hapo Veneranda akaanza kucheka, na Veneranda akicheka hana nguvu hata ya kushika kijiko. Nami nikaanza kucheka, nikazidi kuzama.

Tulipoinua macho, Matroni Kalunde alikuwa amesimama mlangoni.

"Kuna nini?"

Veneranda, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, akajifuta machozi akasema bila kupepesa, "Bi Mwanaidi anasali."

Kalunde mwenyewe ni Mwislamu. Akaniangalia mimi, akaangalia dirisha, akaniangalia tena. "Sista Veneranda," akasema, "kibla kiko huku nilikosimama. Huyu ameelekea mochwari. Tena na mabuti ya mpira?"

Nikaona dirisha la kadi mbele yangu, na kile kikombe cha chai cha Mama Salma. Cheko lote likaniisha. Nililia, siwafichi. Nilikuwa pale chini kwa magoti na viganja, machozi yananidondokea kwenye glovu. Kalunde akaja taratibu, akapiga magoti pembeni yangu na sare yake safi, akainama mpaka sikioni.

"Mama, goti lipi?"

"Yote mawili," nikamwambia.

Akanifundisha kuinuka. Msiwe wavivu kulisikiliza hili, mtalihitaji: usijivute kwenda juu kama gunia. Geuka ubavu kwanza, ukae. Kisha rudi kwenye magoti ukikabili kitu imara, kitanda au kiti kisicho na magurudumu. Mguu wenye nguvu ndio utangulize mbele, unyayo chini, mikono isukume. Mguu mbovu unafuata wenyewe. Nilikuwa nimewafundisha wagonjwa hayo miaka mingi, nikasahau kwamba nami ni mtu.

Kesho yake akatuita ofisini sisi wawili. Alikuwa ameweka chai na mihogo. Mimi chai ile niliiona ya msiba.

"Mganga mfawidhi ameniomba jina moja," akasema. "Wa kwenda dirishani. Anataka jibu leo."

Nikaamua kama kuzama, nizame na mtani. "Kalunde, unanitoa leba kwenye nchi yangu mwenyewe? Nitakwambia ukweli wote, halafu ufanye utakavyo." Nikamweleza upatu wetu kuanzia kwenye kikohozi cha Veneranda mpaka kile kitanda kibovu. Veneranda akawa ananikanyaga mguu chini ya meza, mimi naendelea tu. Nilipomaliza, Kalunde akamega muhogo.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Kitanda kile nimekikagua mwenyewe. Hakina neno."

Nikawaka. "Ulijua ukatuacha tunahangaika kukohoa?"

"Nilikuwa nangoja mniambie. Halafu, nisamehe mama, mlikuwa mnanifurahisha." Kisha akaacha kucheka. "Mama yangu alikuwa nesi. Mgongo ulimtoa kazini kabla ya wakati. Nyumbani alikaa anatazama saa, zamu zikibadilika anazitaja kwa sauti. Mgongo wenyewe haukuwa mbaya kiasi hicho. Ila alisimama miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumletea kiti."

Hapo Veneranda akaacha kunikanyaga mguu.

Mganga mfawidhi alipopewa jibu nadhani alishangaa, kwa sababu Kalunde hakumpa jina langu wala la yeyote. Alimwambia dirisha la kadi litakuwa na zamu, manesi wote, vijana kwa wazee. Mjamzito aliyechoka akae. Aliyetegua kifundo kwenye mpira wa bonanza akae. Mwenye magoti yaliyoamka vibaya akae, kisha arudi kwake wodini. Dirisha tulilokuwa tunaliogopa likawa mahali pa kupumzika, na vijana ndio waliokuwa wa kwanza kuligombania.

Na upatu ukatoka mafichoni. Kila zamu ya leba ikapangwa na mwenye magoti na mwenye uzoefu pamoja. Damasi alipelekwa kupimwa masikio, akarudi na kile kifaa cha kuweka sikioni, wiki ya kwanza akawa analalamika kwamba Veneranda ana kelele kumbe. Veneranda akapimwa macho, akapata miwani mbaya ya plastiki inayosoma kila kitu. Ile ya dhahabu akabaki nayo ya kuendea kanisani. Fundi akaja, safari hii kwa haki, akaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya vitanda ili nesi asipinde mgongo, na leba ikapata kigoda kifupi cha mkunga, kwa ajili ya siku mzazi anapotaka kushuka chini. Mzazi anachuchumaa, mkunga anakaa kwenye kigoda. Ni kitu kidogo hivyo tu, na ningekipata mapema nisingesali kuelekea mochwari.

Kuweka drip pia nikaanza kukaa. Unavuta kiti, unainua mkono wa mgonjwa juu ya mto uje kwako, badala ya wewe kumfuata alipo. Mshipa hauna haraka. Kijana mmoja alinicheka kwamba naweka drip kama nakunywa kahawa. Mshipa nikaupata mara ya kwanza, kisha kahawa nikamwagiza yeye.

Niliimalizia leba. Siku ya mwisho Damasi na Veneranda walinipa khanga na kile kigoda, ambacho kwa kweli ni mali ya kituo, kwa hiyo jioni ile ile nikakirudisha. Mtoto wangu wa mwisho kumpokea alikuwa wa kiume, mvivu wa kulia, nikampiga kikofi kidogo cha mgongo akanitazama kwa dharau. Nilifurahi kiasi ambacho siwezi kuwaeleza.

Sasa nirudi kwa yule mnayemsema. Ni yeye, Kalunde, matroni wenu. Na ninyi mnaona ameanza kulala kazini kwa sababu anakawia na dawa. Mimi kutoka pale benchi nimemwona vizuri. Anashika kichupa, anakisogeza mbali, anakisogeza mbali tena, mpaka mkono unaisha. Kisha anaangalia kulia na kushoto kama kuna mtu amemwona. Ishara hiyo naijua.

Juzi nilimwita. "Mtani, karibu upatuni."

Alicheka mpaka wagonjwa wakageuka, kisha akakaa karibu yangu kwenye benchi. "Bi Mwanaidi, miwani nimeagiza, bado haijaja," akasema polepole. "Mpaka ije, macho nitachukua kwa nani? Wewe umestaafu. Hawa watoto nikiwaambia, wataanza kunihesabia siku."

Ndiyo maana nimekuja kwenu. Yeye alipiga magoti sakafuni na sare safi kwa ajili yangu, wakati angeweza kuandika jina langu tu akaenda zake. Deni hilo siwezi kulilipa mwenyewe, magoti sina. Ninyi mnayo, na macho mnayo.

Wewe uliyesema akafuge kuku, usijifiche nyuma ya mwenzio, sauti yako naijua. Nenda kamsomee kile kichupa. Usimwambie bibi amekutuma. Mwambie umeona ni zamu yako kutoa.

Haya, inuka. Polepole, mwanangu. Goti lako nimelisikia.